Makabidhiano ya Diski katika Ofisi ya Kwato

Kwa heshima na taadhima, umma wa Bariadi na vijiji vyake unatangaziwa kwamba kompyuta ya Ofisi ya Uratibu wa Kwato haijaharibika. Iko katika kipindi cha mpito. Anayesema imekufa ni mchochezi, na anayesema haiwaki hajui maana ya kuwaka, kwa sababu taa yake ya kijani inawaka na feni yake inazunguka vizuri kabisa. Karani wangu huwa anakaushia hapo rangi ya kucha.

Mimi ndiye Mratibu Mkuu wa Kwato, Dastan Machibya. Kwa wale wasiofahamu, na inashangaza kwamba bado wapo, ofisi yetu ndiyo inayotoa Kibali cha Kwato. Bila kibali hicho hakuna ng'ombe anayeruhusiwa kutoka kata moja kwenda nyingine, hata kama nyasi za kata ya pili anaziona kwa macho yake mwenyewe. Zamani vibali viliandikwa kwa mkono. Nikaona hiyo ni aibu kwa zama hizi. Nikakusanya vitabu vyote vya vibali, tukavichoma nyuma ya ofisi mbele ya wageni waalikwa, na tangu siku hiyo kila kwato inapitia kwenye kompyuta moja. Wageni walipiga makofi. Wengine walikuwa wanapunga moshi, lakini kwenye taarifa tuliandika makofi.

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na diski ngumu, kile kisanduku kinachotunza kila kitu ambacho mashine inakijua. Ilikuwa imechoka. Ukiiwasha asubuhi inakwaruza kama jembe kwenye changarawe, unaweza kwenda kunywa chai na kitumbua ukarudi ukaikuta bado inajikuna. Kufanya kazi ilifanya, sikatai. Ila nilikwenda semina Mwanza nikakuta wenzangu wote wana diski mpya, nikarudi na uchungu moyoni. Tukaagiza. Ikaja ndani ya plastiki, inang'aa kama sufuria ya harusi.

Ile ya zamani hatukuitoa kihuni. Mtumishi aliyetumikia wananchi kwa uadilifu haondolewi kwa bisibisi tu. Tulimwandalia hafla: pilau, soda, na cheti cha utumishi uliotukuka. Nilisoma risala mwenyewe. Nikasema huyu hakuwahi kuomba ruhusa ya msiba wala kuchelewa kazini, isipokuwa umeme ulipokatika. Mama mmoja wa masjala alilia, ingawa nadhani alikuwa na lake. Tukaiweka diski kwenye kabati la vioo, tukalifunga, na ufunguo nikamkabidhi Bwana Maige, Afisa Itifaki wangu. Maige nimemlea kikazi tangu anaripoti. Siku hizi hapigi chafya bila kumbukumbu namba.

Fundi akafunga diski mpya, mimi nikakata utepe na kubonyeza. Kioo kikawa cheusi. Yakatokea maandishi meupe ya Kiingereza, mstari mmoja, yakatulia hapo.

"Inasemaje?" nikamuuliza karani wangu, Goodness.

"Inasema haioni pa kuanzia, bosi."

"Iambie ianzie hapo hapo ilipo."

Goodness akabonyeza. Ikarudia maneno yale yale. Fundi, ambaye muda wote alikuwa anamalizia paja la kuku la kwenye hafla, akafuta mikono kwenye suruali.

"Diski ni tupu hii, mzee," akasema. "Haina kitu ndani. Inabidi vilivyomo kwenye ile ya zamani tuvihamishie humu. Nipeni ile ya zamani, mchana huu mnawasha."

"Kwani nani hajui hilo?" Goodness akaguna. "Hata mimi nilisema kabla ya pilau."

Hapo ndipo unapoona tofauti ya fundi na kiongozi. Fundi aliona diski tupu. Mimi niliona kosa kubwa la kiutumishi: tulimstaafisha mtu bila makabidhiano ya ofisi! Mpya kaingia, wa zamani katoka, na hakuna aliyemkabidhi mwenzake hata stapula. Lazima kazi isimame. Na kumtoa mstaafu kabatini kienyeji, bila mkataba, ni kumdhalilisha yeye na mimi niliyemsomea risala. Nikaunda Kamati ya Kitaalamu ya Kuwasha, mwenyekiti Bwana Maige. Nikaipa mwongozo niliouandika kwa mkono wangu, wenye kifungu ninachojivunia hadi leo: kwamba katika suala la makabidhiano, mtu yeyote asisikilizwe kwa cheo chake.

"Mkimaliza vikao mtanipigia," fundi akasema, akaondoka na soda mbili.

Kamati ilianza kwa kasi. Kwanza ilijadili kama diski mpya ihesabiwe mtumishi au mgeni. Ikaamua ni mtumishi aliye kwenye majaribio, kwa hiyo ana haki ya mafunzo elekezi. Diski ikatolewa kwenye mashine, ikawekwa kwenye kiti mezani, ikasomewa kanuni za maadili kuanzia jalada hadi jalada. Jioni ikarudishwa ndani. Kioo kikawa cheusi vile vile. Maige akaandika kwenye taarifa kwamba mwitikio wa mhusika ni wa wastani, na kwamba anaonekana kuwa mtu wa kusikiliza zaidi kuliko kusema.

Ni katikati ya mafanikio haya alipokuja yule mama wa Sapiwi.

Alifika Jumanne, asubuhi sana. Jina lake Ng'washi, mtu mzima, amejifunga vitenge viwili vipya, viatu kavua nje. Aliponiona tu alipiga magoti pale mlangoni, akageuzia uso ukutani.

"Mwangaluka," akausalimu ukuta kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola."

Tulipokwisha kujuliana hali nikampa mkono. Hakuupokea. Nikamwambia apite akae kwenye kiti, akarudi nyuma mpaka nje ya kizingiti. Kisha akaanza kuongea na Goodness, kwa sauti ya chini, wakati mimi nipo hatua mbili tu kutoka alipo.

"Mwambie mkubwa, kuna ng'ombe kumi na tano. Zinatoka Sapiwi zinakwenda Migato. Naomba karatasi."

"Mayu, si umwambie mwenyewe? Huyu hapa," Goodness akasema.

"Siwezi, mwanangu. Kuna maneno yana mdomo wake. Mimi siyo mdomo wake."

Nakiri niliguswa sana. Miaka yangu yote ya utumishi sijawahi kuona mwananchi anayeiheshimu mamlaka kiasi hicho. Wengine huingia na vumbi lao, wanaegemea meza, wanaita "kaka". Huyu hata kunitazama aliogopa. Siku ile ile nikatoa waraka kwamba wateja wote wamuige.

"Ng'ombe za nini?" nikamuuliza, kwa upole wa kiongozi.

"Mwambie ni za mahari," ukuta ukaambiwa. "Mtoto wa kaka yangu anaoa. Baba mtu zilipungua, na kwetu shangazi hakai pembeni, anatoa zizini kwake. Zinatakiwa zifike Jumamosi kabla jua halijasimama utosini. Zikichelewa, baba wa binti kasema hakuna ndoa."

"Kasema vizuri," nikamjibu. "Mzazi asiyeweka tarehe ya mwisho anafuga, halei. Mwambie mama suala lake liko kwenye mchakato. Arudi kesho."

Goodness akanitazama kwa muda, halafu akamwambia mama arudi kesho.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa yake. Kila siku magoti, ukuta, na sauti ile ya chini. Kila siku kamati ilikuwa na hatua mpya ya kumsimulia. Siku moja tulimweleza kwamba rasimu ya mkataba wa muda wa diski mstaafu imekamilika, imebaki saini ya mstaafu mwenyewe.

"Diski itasainije?" Goodness akauliza.

"Dole gumba," akasema Maige, akaandika pembeni: dole gumba litafutwe.

Mimi wiki hiyo nilikuwa na shughuli zangu pia. Jumamosi nilikuwa namwozesha binti yangu, Gloria, nesi, mtoto wangu wa pekee wa kike. Nampenda mtoto yule kuliko cheo, ingawa sijawahi kuyatamka haya mbele ya watu wa ofisini. Kijana anayemchumbia anaitwa Josia, wa Nkololo, mkulima wa pamba, mpole kupita kiasi. Mambo yote ya mahari yalipitia kwa mshenga, Mzee Yakobo, kama ilivyo desturi. Upande wa kijana haukai na baba wa binti uso kwa uso kuzungumza ng'ombe. Huo ni utovu wa adabu, unatozwa faini. Mimi nilitoa tamko moja tu mbele ya ukoo: ng'ombe wafike nyumbani kwangu Migato Jumamosi, kabla jua halijasimama utosini, la sivyo jalada linafungwa. Nilivutiwa kuona kwamba baba mwingine huko Migato naye ana msimamo kama wangu. Nikawaza nimtafute tufahamiane.

Ijumaa mchana Mzee Yakobo akanipigia simu.

"Mheshimiwa, ng'ombe wamekwama."

"Wamekwama wapi? Nani mjinga aliyewakwamisha?"

"Wako Sapiwi, kwa shangazi yake Josia. Kibali hakitoki. Mama wa watu kashinda kwenye ofisi fulani wiki nzima."

"Huyo shangazi mbona hakueleza kwamba ng'ombe ni za kwangu?"

"Angekuelezaje? Wewe ndiye mkwe. Maneno hayo mdomo wake ni mimi. Hata kukutazama usoni hatakiwi."

Nikageuka taratibu kuelekea mlangoni. Ng'washi alikuwa palepale, magoti chini, uso ukutani.

Hapo, nasema kweli, nilisahau kwa dakika kadhaa kwamba mimi ni mamlaka. Nilikimbia mpaka chumba cha kamati.

"Maige! Fungua kabati! Toa ile diski, mpigie fundi, kompyuta iwake sasa hivi!"

Maige alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Shikamoo, Mzee. Unakuja kama Mratibu Mkuu au kama mdau?"

"Nakuja kama mtu anayekulipa posho!"

"Nauliza kwa sababu Goodness alishatuarifu kwamba ng'ombe wanaoombewa kibali wanakwenda kwako. Huo ni mgongano wa maslahi. Kwa mujibu wa mwongozo wako, katika suala hili mtu yeyote asisikilizwe kwa cheo chake."

"Mwongozo niliandika mimi!"

"Ndiyo maana tunauheshimu. Sheria ni msumeno, Mzee, hukata mbele na nyuma."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Mmoja akaomba maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu za kikao. Niliutazama ufunguo wa kabati ukining'inia shingoni mwa Maige, kwenye kamba ile ile ya kitambulisho niliyomvalisha mwenyewe, nikatamani kulia. Nikaambiwa niandike barua ya malalamiko, nipitishie kwa mkuu wangu wa idara, ambaye ni mimi, na ambaye kwa mgongano huo huo haruhusiwi kuipokea.

Jumamosi Migato kulipambwa. Ndugu zangu walijaa, ubwabwa ukapikwa, wazee wa ukoo wakakaa kwenye viti vya plastiki wakitazama njia. Jua likapanda. Ng'ombe hata mmoja. Lilipofika utosini nikasimama kutangaza kwamba, kwa kuzingatia mazingira, muda unaongezwa.

"Kaa chini," akasema Mzee Mayala, mkubwa wa ukoo wetu. "Neno ulilisema mbele ya watu. Hukutuambia lina mkia."

Upande wa Josia ulifika bila ng'ombe. Wakasimama nje ya boma letu, hawakuingia. Ng'washi alikuwa mbele, vitenge vile vile. Mzee Yakobo alikwenda kwao, akarudi na maneno, na sasa maneno yalikuwa na mdomo wake.

"Wanasema hivi," akaanza. "Ng'ombe wapo, wamenona, wanakula nyasi Sapiwi. Tangu Jumanne mama huyu amepiga magoti mlangoni kwa mkwe, na mkwe amemwona kwa macho yake, na kila siku mkwe amesema kesho. Wanauliza: kama hamtaki kutuoza, si mngesema tu? Mtu akitaka kukunyima maji hakufichi kata ya kuchotea."

Wazee wakanitazama. Nikaeleza kuhusu diski. Nikaeleza makabidhiano, mafunzo elekezi, suala la dole gumba. Nilieleza vizuri sana, kwa vielelezo. Nilipomaliza, Mzee Mayala aliinama akamwuliza jirani yake kwa Kisukuma kama nimeanza kuumwa lini.

Hukumu ilikuwa fupi. Baba wa binti ndiye aliyezuia ng'ombe za binti yake. Atoe faini ya dume moja, alipeleke Sapiwi mwenyewe, kwa mama aliyepiga magoti. Mpaka dume lifike, ng'ombe za mahari hazitoki. Na upande wa pili, kupitia Mzee Yakobo, wakaongeza neno dogo: dume lifike Jumamosi ijayo, kabla jua halijasimama utosini. Likichelewa, jalada linafungwa.

Gloria alitoka jikoni na gauni lake la njano, macho yamevimba. "Baba," akasema. Kisha akarudi jikoni. Afadhali angenitukana.

Jumatatu niliwahi ofisini kuomba kibali cha dume. Goodness alinipokea vizuri, akaniomba jina.

"Goodness, ni mimi."

"Najua, bosi. Ila kompyuta haiwaki."

Nikamwomba Maige. Maige akaniambia nina bahati, kuna habari njema: kamati imegundua kwamba diski mpya ilielemewa na upweke, hivyo imeagiziwa msaidizi, diski ya pili, mpya kabisa, bado ndani ya plastiki. Nikauliza kama hiyo nayo ni tupu. Akasema ndiyo, ili pasiwe na upendeleo. Wiki ikapita hivyo. Mstaafu akabaki kabatini, na cheti chake, na vibali vya mkoa mzima tumboni mwake.

Jumamosi alfajiri nilikodi kenta, nikapakia dume, nikaondoka Migato bila kibali. Nilijua ninachofanya. Nilijua pia kwamba njia ya kwenda Sapiwi ina kizuizi cha Kwato, maana nilikizindua mimi. Lakini nikajiambia, nani atamzuia Mratibu Mkuu?

Salu ndiye mlinzi wa kizuizi. Alisogea, akapiga saluti iliyonyooka kuliko mlingoti.

"Kibali, Mheshimiwa."

"Salu, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua vizuri sana, Mheshimiwa. Ndiyo maana nashindwa kukupendelea. Ulitufundisha."

Dume likashushwa, likaingizwa kwenye zizi la ng'ombe wasio na vibali, kati ya mbuzi wa mchungaji mmoja na ndama wa yatima. Dereva wa kenta alidai ana safari nyingine, akaondoka. Mimi nikakataa kumwacha dume wangu. Nikaingia naye zizini, nikakaa juu ya jiwe, nimeshika kamba. Taarifa hii naiandikia hapa, kwenye simu, na jua linapanda. Nimempigia Maige mara kadhaa. Yuko kwenye uzinduzi wa diski ya pili.

Muda mfupi uliopita bodaboda ilitokea upande wa Migato, inatimua vumbi. Nyuma alikaa msichana mwenye gauni la njano, begi limefungwa kwa mpira. Nilimtambua kabla hajavua kitambaa usoni. Dereva akasimama kwenye kizuizi. Gloria akashuka, akaja mpaka kwenye uzio wa zizi, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Kwa Josia."

"Bila ng'ombe?"

"Ng'ombe watakwenda siku mashine ikiwaka, baba. Mimi nitazeeka." Akanitolea chupa ya maji na vitumbua viwili kwenye mfuko, akaupitisha kati ya miti ya uzio. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nami machozi yalinitoka, nasema wazi, na dume liliyaona.

Mtu akienda kwa mume kwa miguu yake, baba hana tena tarehe ya mwisho ya kumpa mtu. Anapokea watakachompa, wakipenda. Nikakumbuka wajibu wangu. Nikasimama, nikashika uzio, nikapaza sauti:

"Salu! Mzuie huyo! Hana kibali!"

Salu alikwenda mpaka kwenye bodaboda. Alimtazama Gloria kuanzia kichwani, akateremka taratibu mpaka viatuni, kama nilivyowafundisha kukagua. Kisha akarudi kwenye boriti la kizuizi, akaliinua juu, akanipigia saluti nyingine.

"Mheshimiwa," akasema, "huyu hana kwato."